Neuchâtel 1967, Tokyo 1969: uchambuzi wa kisa cha saa ya mkono ya kwatzi

Mwaka 1967, katika mashindano ya kupima saa yaliyoendeshwa na Kituo cha Falaki cha Neuchâtel, Uswisi, nafasi 10 za kwanza katika kundi la saa za mkono zilichukuliwa na saa za majaribio za maabara moja ya mji huohuo, Centre Electronique Horloger, ambayo katika uchambuzi huu nitaiita CEH. Ndani ya kila mojawapo ya saa hizo kulikuwa na kipande cha fuwele ya kwatzi, madini magumu yanayofanana na kioo, kilichotetemeka mara 8,192 kwa sekunde. Saa za kwatzi za Kijapani, kutoka kiwanda cha Suwa kilichokuwa chini ya Seiko, zilishiriki mashindano hayohayo na zikafuata nyuma. Hata hivyo, tarehe 25 Disemba 1969, saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi kuuzwa dukani kwa mtu yeyote mwenye fedha za kuinunua ilitolewa Tokyo, nayo ilikuwa ya Seiko. Ya Waswisi ilifika sokoni mwaka uliofuata, na ndani ya miaka michache muundo wake ulikuwa umeachwa.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama habari ya kiburi: Waswisi walilewa sifa za saa zao za springi, wakalala, Wajapani wakawapita. Maelezo hayo hayanitoshelezi. Watu waliolala hawajengi maabara ya elektroniki, wala hawashindi nafasi 10 za kwanza kwa chombo ambacho hakikuwahi kuwapo duniani. Ninaamini jibu linapatikana kwa kuifungua saa yenyewe na kuuliza jambo ambalo mashindano ya Neuchâtel hayakuuliza: mitetemo ile 8,192 ilifikaje kwenye mshale wa sekunde, na kwa gharama gani ya umeme?

Kabla ya kufika huko, inafaa kueleza ni usahihi gani uliokuwa ukitafutwa. Siku moja ina sekunde 86,400. Saa ya springi inayokosea sekunde 5 kwa siku iko sahihi kwa zaidi ya asilimia 99.99, na kwa kazi ya mikono ya binadamu hilo si jambo dogo. Moyo wake ni gurudumu la mizani linalokwenda na kurudi kwa nguvu ya springi nyembamba kama unywele, na katika saa nyingi za karne ya 20 gurudumu hilo lilipiga mapigo 5 kwa sekunde, huku zile za kasi zikifika 10. Maadui zake ni wengi. Saa ikilazwa chali inakwenda tofauti na ikisimamishwa kwa ubavu, kwa sababu nguvu ya uvutano ya dunia inalivuta gurudumu kwa namna nyingine. Joto linairefusha springi na kuilegeza, mafuta yanakauka, nguvu ya springi kuu inapungua kadiri saa inavyokaa bila kutiwa ufunguo. Charles-Édouard Guillaume, mzaliwa wa Fleurier katika jimbo lilelile la Neuchâtel, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1920 kwa uchunguzi wake wa aloi za nikeli na chuma zisizobadilika sana kwa joto, na aloi hizo ziliwaondolea mafundi saa sehemu kubwa ya taabu hiyo. Lakini hata leo, saa ya springi inayopewa cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayothibitisha usahihi wa saa, inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kutangulia sekunde 6 kwa siku kwa wastani. Ukuta ulikuwa umefikiwa. Kila sekunde moja iliyopunguzwa zaidi ya hapo ilidai fundi bingwa aketi na saa moja kwa siku nyingi.

Ukuta huo ulipata ufa mwaka 1960. Kampuni ya Marekani ya Bulova ilitoa saa iitwayo Accutron, iliyobuniwa na Max Hetzel, mhandisi Mswisi aliyeianzia kazi hiyo mjini Biel. Gurudumu la mizani liliondolewa, na mahali pake pakawekwa uma mdogo wa sauti, yaani chuma chenye ncha mbili, uliotetemeka mara 360 kwa sekunde kwa msaada wa betri na transista moja, swichi ndogo ya elektroniki. Kampuni ilitoa dhamana ya kosa lisilozidi dakika moja kwa mwezi, yaani takribani sekunde 2 kwa siku, na dhamana hiyo ilihusu kila saa iliyotoka kiwandani, siyo chache zilizochaguliwa kwa ajili ya mashindano. Jambo hili la mwisho lina uzito katika kisa chetu. Usahihi ulikuwa umeanza kuhama kutoka mikononi mwa fundi kwenda katika mtambo wenyewe.

Uswisi iliitikia haraka. CEH ilianzishwa mwaka 1962 kwa fedha za muungano wa kampuni za saa, ambazo kwa desturi zilikuwa zikifichana siri zao, na kazi yake ilikuwa kutafuta saa ya elektroniki itakayoipita Accutron. Upande wa Japani, kiwanda cha Suwa kilikuwa kimeanza mradi wake wa kwatzi mwaka 1959. Wakati huo saa ya kwatzi ya Seiko ilikuwa na ukubwa wa kabati. Kufikia mwaka 1963 walikuwa na saa ya kubebeka yenye uzito wa kilo 3, na mwaka 1964, Tokyo ilipoandaa Michezo ya Olimpiki, vifaa vya Seiko ndivyo vilivyopima muda. Mbio za marathoni za mwaka huo zilishindwa na Abebe Bikila wa Ethiopia. Mwaka huohuo Seiko ilipeleka saa zake za springi Neuchâtel kwa mara ya kwanza, zikaishia nyuma ya nafasi ya 100. Ninalitaja hili kwa sababu wahandisi wa Suwa hawakuyatazama mashindano hayo kama pambo. Waliyatumia kama darasa, wakayarudia mwaka baada ya mwaka, na matokeo yao yakapanda kila mara.

Sasa tuifungue saa.

Kwatzi ina tabia iliyogunduliwa mwaka 1880 na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie: ikibanwa, inatoa umeme juu ya uso wake, na kinyume chake, walichokithibitisha mwaka uliofuata, ikipewa umeme, inajikunja kidogo. Kipande cha kwatzi kilichokatwa kwa kipimo maalumu na kupewa umeme kwa njia inayofaa kitatetemeka kwa kasi yake chenyewe, na kasi hiyo haibadiliki kirahisi. Hakijali sana kama kimelazwa au kimesimamishwa, wala hakihitaji mafuta. Mwaka 1927, Warren Marrison wa maabara za Bell, Marekani, alitumia tabia hiyo kuunda saa ya kwanza ya kwatzi, na miongo iliyofuata saa za namna hiyo zikawa vipimo vya muda katika vituo vya falaki. Hivyo hakuna mtu katika miaka ya 1960 aliyeshuku kwamba kwatzi ni sahihi. Kilichoshukiwa ni kama kwatzi inaweza kuishi katika kisanduku chenye upana wa sentimita 3, juu ya mkono unaogonga meza na kufungua milango, kwa nguvu ya betri yenye ukubwa wa kifungo.

Betri ndiyo iliyokuwa mlinda mlango. Chukua, kwa mfano, betri ya kifungo yenye uwezo wa miliampea 175 kwa muda wa saa moja. Mwaka una saa 8,760. Ukitaka betri hiyo idumu mwaka mzima, mtambo wako wote, fuwele, saketi, mota na mishale, hauruhusiwi kula zaidi ya maikroampea 20 (maikroampea ni sehemu moja ya elfu ya miliampea). Ndani ya bajeti hiyo ndogo mno, mhandisi ana kazi tatu za kulipia: kuifanya fuwele itetemeke bila kukoma, kuipunguza mitetemo mpaka kasi ambayo mota inaweza kuifuata, na kuisukuma mishale.

Kazi ya pili ndiyo iliyoamua kisa hiki. Namba 8,192 haikuchaguliwa kwa bahati. Ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 13, na maana yake ni kwamba ukiwa na saketi ndogo inayogawanya kwa mbili, na ukapanga saketi 13 za namna hiyo moja baada ya nyingine, mwisho wa mstari utapata pigo moja kamili kwa sekunde. Pigo hilo moja linaweza kuamsha mota ya hatua, ambayo huruka mara moja na kutulia, haitumii umeme mpaka sekunde inayofuata. Kwenye karatasi, mpango ni safi kabisa. Ugumu ulikuwa kwamba kwa transista zilizotumika wakati ule, kila hatua ya kugawanya ilikuwa inakula umeme muda wote, iwe inafanya kazi nyingi au kidogo. Hatua ya 13, inayobadilika mara moja tu kwa sekunde, ilidai karibu sawa na hatua ya kwanza inayobadilika maelfu ya mara. Kugawanya kukawa ghali, na kila hatua iliyoongezwa ilikuwa siku zilizokatwa katika maisha ya betri.

CEH ilijaribu njia zote mbili. Saa yao ya Beta 1 iligawanya mpaka mwisho na kutumia mota ya hatua. Beta 2 ilikatisha safari: iligawanya mara 5 tu, kutoka 8,192 hadi mitetemo 256 kwa sekunde, kisha ikaitumia kasi hiyo kuendesha mota ya kutetemeka, iliyo jamaa ya karibu ya uma wa Accutron, ikisukuma gurudumu la meno madogo sana. Hatua chache za kugawanya zilimaanisha umeme kidogo katika saketi, na mshale wa sekunde uliteleza bila kuruka, jambo lililopendeza macho ya watu waliozoea saa nzuri. Ilipofika wakati wa kuchagua muundo wa kupeleka viwandani, njia ya Beta 2 ndiyo iliyochaguliwa, na kutoka kwayo ikazaliwa Beta 21, iliyooneshwa katika maonesho ya saa ya Basel mwaka 1970 ikiwa imevaa majina ya Omega, Patek Philippe, Rolex, IWC, Piaget na wengine. Mitambo ya toleo hilo ilikuwa kama 6,000.

Ningependa msomaji asiuone uamuzi huo kuwa wa kijinga. Kwa transista za mwaka 1968, ulikuwa uamuzi wa busara, na pengine wa busara kuliko ule wa Suwa. Mhandisi aliyeambiwa azilinde maikroampea zake angeweza kuuchagua huo bila kuona haya.

Suwa walishika njia ndefu. Saa yao, Quartz Astron 35SQ, ilikuwa na fuwele yenye umbo la uma wa sauti iliyofungwa katika kapsuli isiyo na hewa, mitetemo ileile 8,192 kwa sekunde, na saketi iliyogawanya mpaka pigo moja kwa sekunde. Hawakuwa na chipu moja ya kufanya kazi yote hiyo. Walijenga saketi mseto, transista na viungo vyake vikiunganishwa kimoja kimoja kwa mikono, kazi ya polepole isiyofaa kiwanda kikubwa. Mota yao ya hatua ilisambazwa sehemu zake katika nafasi zilizobaki ndani ya mtambo, badala ya kuwekwa kama kipande kimoja kizima, ili saa iweze kuwa nyembamba ya kuvaliwa. Betri ilidumu takribani mwaka mmoja. Usahihi ulioahidiwa ulikuwa kosa lisilozidi sekunde 5 kwa mwezi, kama moja ya sita ya sekunde kwa siku. Kasha lilikuwa la dhahabu, na bei ilikuwa yeni 450,000, ambayo ingeweza kununua gari dogo jipya nchini Japani wakati huo. Zilizotolewa mwanzoni zilikuwa kama 100.

Basi tazama hali ilivyokuwa mwanzoni mwa mwaka 1970. Pande zote mbili zina fuwele zenye kasi ileile. Usahihi wao unakaribiana kiasi kwamba mvaaji wa kawaida asingetambua tofauti. Zote mbili ni ghali mno, zote mbili zinatengenezwa kwa idadi ndogo, na ukizipima katika Kituo cha Falaki cha Neuchâtel huwezi kubashiri nani atamiliki miaka 50 inayofuata. Kipimo kile kilirekodi kosa la saa, siku baada ya siku, katika mikao na halijoto tofauti, na kwa saa za springi kipimo hicho kilitosha kabisa, maana saa iliyokosea kidogo ndiyo iliyotengenezwa vizuri zaidi. Kwa saa za kwatzi hakikutosha. Fuwele iliwapa washindani wote usahihi karibu bure. Kilichobaki kuwatenganisha kilikuwa mambo ambayo hakuna safu ya jedwali la mashindano iliyoyaandika.

Jambo lililokuja kuamua lilitoka nje ya ufundi saa. Ni aina mpya ya saketi unganishi, CMOS, ambayo transista zake mbili za kila jozi hupokezana, moja ikiwa wazi nyingine imefungwa, hivyo umeme hautiririki isipokuwa katika nukta ile ya kubadilika. Tabia hii inageuza hesabu yote ya bajeti. Hatua ya kwanza ya kugawanya inabadilika mara nyingi, basi inakula. Ya pili inabadilika nusu yake, inakula nusu. Ya tatu robo. Na kadhalika mpaka ya mwisho ambayo inakula kisichohesabika. Ukijumlisha mstari wote, hata uwe mrefu namna gani, matumizi hayafiki mara mbili ya hatua ya kwanza peke yake. Kwa neno jingine, baada ya CMOS, kugawanya mara 5 na kugawanya mara 15 ni karibu gharama moja. Faida iliyoifanya Beta 21 ichaguliwe ikatoweka, na hasara zake zikabaki wazi: mota inayotetemeka usiku na mchana bila kupumzika, na gurudumu la meno madogo yanayosuguliwa mara 256 kila sekunde. Mota ya hatua, ambayo mwaka 1968 ilionekana kudai saketi ghali mno, ikawa ndiyo nafuu kuliko zote, kwa kuwa inalala karibu muda wote.

Seiko haikulazimika kubuni upya. Ilibadilisha saketi, ikaacha mpangilio ulivyo. Waswisi walilazimika kurudi nyuma mpaka kwenye wazo la Beta 1, wazo lao wenyewe waliloliacha. Hapo ndipo ninapoiona miaka iliyopotea, na ndiyo sababu ninasema hadithi ya usingizi inawadhulumu wahandisi wa CEH. Walikuwa macho. Walichagua vizuri kwa vifaa vya siku ile, katika wakati ambao vifaa vilikuwa vinabadilika haraka kuliko mzunguko wa kubuni saa.

Kuna jambo lingine ambalo halikuwa na uhusiano na saketi. CEH ilikuwa maabara ya wote, na kwa hiyo haikuwa kiwanda cha yeyote. Matokeo yake yalipaswa kukubaliwa na kampuni nyingi zenye maslahi tofauti, kisha kugawiwa watengenezaji tofauti. Suwa walibuni, wakakata fuwele, wakatengeneza mota na kuunganisha saa ndani ya kampuni moja, na baadaye wakaanza kujitengenezea saketi pia. Mtu aliyegundua tatizo la mota jioni angeweza kuzungumza na mtu wa fuwele asubuhi. Sina shaka kwamba ukaribu huo ulikuwa na thamani, ingawa ni vigumu kuupima kwa namba.

Kuhusu usahihi wenyewe, ahadi ya sekunde 5 kwa mwezi ilikuwa na adui mmoja ambaye kwatzi haikumshinda: joto. Fuwele yenye umbo la uma hukatwa ili iende kwa kasi yake kamili katika halijoto ya takribani nyuzi 25 za selsiasi. Ukitoka hapo, iwe kuelekea baridi au kuelekea joto, inapunguza kasi, na upungufu unakua kwa mraba wa tofauti: takribani sehemu 0.035 kwa milioni kwa kila nyuzi iliyozidishwa kwa yenyewe. Hesabu yake ni rahisi kuifuata. Saa iliyoachwa katika nyuzi 35 ina tofauti ya nyuzi 10, mraba wake ni 100, na upungufu ni sehemu 3.5 kwa milioni, yaani sekunde 0.3 kwa siku au 9 kwa mwezi. Iliyoachwa katika nyuzi 5 ina tofauti ya 20, mraba wake 400, na inachelewa zaidi ya sekunde moja kwa siku. Saa inayovaliwa haifiki huko, kwa sababu mkono wa binadamu ni kama jiko dogo linaloituliza karibu na joto lilelile mchana kutwa. Ndiyo maana saa ya kwatzi iliyo mkononi kwa kawaida ni sahihi kuliko pacha wake aliye kwenye droo. Kwa msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam, ambako chumba kisicho na kiyoyozi kinaweza kuwa na nyuzi 31 siku nzima, hesabu hiyohiyo inatoa uchelewaji wa sekunde 3 na zaidi kidogo kwa mwezi kwa saa iliyowekwa mezani, na ukielekea upande mmoja daima, wa kuchelewa. Mtu anayeona saa yake ya kwatzi ikirudi nyuma polepole kila msimu wa joto hana haja ya kuilaumu betri.

Wahandisi walilishambulia joto kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukata fuwele kwa pembe nyingine, ambayo inatetemeka kwa kasi kubwa zaidi na haijali sana halijoto, lakini kasi hiyo inarudisha tatizo la umeme. Omega ilitoa katikati ya miaka ya 1970 saa ya Megaquartz yenye mitetemo zaidi ya milioni 2.3 kwa sekunde na kosa la takribani sekunde 12 kwa mwaka. Citizen ikafuata na saa ya mitetemo 4,194,304 kwa sekunde, yenye ahadi ya sekunde 3 kwa mwaka. Namba hiyo nayo ni mtoto wa 2, iliyozidishwa mara 22. Saa hizo zilikuwa za ajabu, na betri zake hazikudumu. Njia ya pili ni kuiacha fuwele ya kawaida, kupima joto ndani ya saa, na kusahihisha hesabu ya mapigo. Njia hii ndiyo iliyozaa saa za kosa la sekunde 10 kwa mwaka au chini yake, kama mitambo ya kwatzi ya 9F ya Grand Seiko iliyoanza mwaka 1993. Mwaka 2019 Citizen ilirudi kwenye njia ya kwanza ikiwa na saketi za kizazi kingine: mtambo wake wa 0100 unatetemeka mara 8,388,608 kwa sekunde, unapima joto kila dakika, unaishi kwa nguvu ya mwanga, na unaahidi kosa lisilozidi sekunde 1 kwa mwaka bila kupokea ishara yoyote kutoka nje. Kipengele hicho cha mwisho kina maana, kwa sababu saa inayojisahihisha kwa mawimbi ya redio, kama Mega 1 ya Junghans ya mwaka 1990, imeazima usahihi kutoka kwa saa ya atomiki ya mbali, na mitambo ya kurusha mawimbi hayo iko Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Asia ya Mashariki. Pwani ya Afrika Mashariki haimo katika eneo lao. Zile zinazopokea setilaiti, ambazo Seiko ilizitoa mwaka 2012 kwa kulirudisha jina la Astron, zinafanya kazi hapa kama kwingineko.

Lakini saa zilizobadilisha maisha ya watu wengi hazikuwa hizo za sekunde chache kwa mwaka. Katika miaka ya 1970 fuwele ilianza kuchongwa kwa mbinu zilezile za picha na tindikali zinazotumika kutengeneza saketi, uma ukawa mdogo kuliko punje ya mchele, na kasi ikatulia katika 32,768 kwa sekunde, yaani 2 iliyozidishwa mara 15. Kasi hiyo iko juu ya upeo wa sikio la binadamu, inaruhusu uma mdogo zaidi, na inagawanyika mpaka sekunde kwa hatua 15 ambazo CMOS inazilipia kwa urahisi. Mota ikawa ya aina ambayo Mfaransa Marius Lavet alikuwa ameibuni tangu mwaka 1936, koili moja na sumaku moja ndogo. Bei ikaporomoka.

Matokeo yake Uswisi yalikuwa machungu. Sekta ya saa iliyokuwa na wafanyakazi karibu 90,000 mwaka 1970 ilibaki na zaidi kidogo ya 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Si haki kuitwisha kwatzi mzigo wote huo. Faranga ya Uswisi ilipanda sana thamani baada ya mfumo wa viwango visivyobadilika vya kubadilisha fedha kuvunjika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mdororo wa 1975 uliwapata wakiwa tayari wamechoka. Familia katika mabonde ya Jura, ambazo kwa vizazi zilikuwa zikichonga magurudumu na mihimili karibu na madirisha ya nyumba zao, hazikuwa zimefanya kosa lolote la kihandisi. Ujuzi wao wa kuondoa sekunde moja kwa siku kwa jicho na kidole ulikuwa bado kamili siku ulipokosa mnunuzi.

Mwezi Machi 1983 Swatch ilizinduliwa Zürich: saa ya plastiki yenye vipande 51 tu, kwa bei isiyofika faranga 50, sahihi kuliko saa za kawaida za springi. Ndani yake kulikuwa na fuwele ya kwatzi, saketi inayogawanya mpaka mwisho, na mota ya hatua. Mpangilio huo ndio uliokuwa ndani ya Beta 1 mwaka 1967. Mwaka uliofuata CEH iliunganishwa na taasisi nyingine za Neuchâtel kuwa CSEM, ambayo mpaka leo inafanya kazi ya saketi zinazotumia umeme kidogo mno. Na mshale wa sekunde unaoruka mara moja, ukatulia, ukaruka tena, unaonekana leo kwenye saa za bei rahisi zilizopangwa juu ya meza za wachuuzi wa Kariakoo, huku ule uliokuwa ukiteleza kwa mitetemo 256 ukibaki ndani ya mitambo michache ya Beta 21 inayotunzwa na wakusanyaji wa saa za zamani.